Kasi ya Kilele

Ndugu zangu mnaonifuatilia, wiki jana mliniacha nimepakata laptop mpya kama mzazi aliyetoka wodini, nikijisifu kwamba mkosi umenichoka na umehamia kwa jirani. Naomba nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yenyewe ni haya. Mimi ni Pyo Geumhi, naishi Chuncheon na mama mkwe wangu. Mume wangu, Seungtae, aliondoka asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, akisema anakwenda kazini, na mpaka leo simu yake haipatikani.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu yanapotoka mdomoni, papo hapo, kwa kibodi ya hatimkato, ili mtu kiziwi ayasome kwenye skrini iliyo mbele yake. Mtu akisema, naandika. Akikohoa, naandika amekohoa.

Laptop yangu ya zamani ilikufa baada ya kumwagiwa maji ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa. Aliyemwaga ni mama mkwe, na hakuomba radhi. Alifuta meza, akanisogezea kibodi yangu, akaenda zake kulala.

Na mteja wangu wa safari hii ni Tak Yeonju, mwoka mikate, kiziwi tangu utotoni. Yeye na mumewe, Maeng, wanaachana, na wanagombania binti yao Boreum, mtoto wa chekechea.

Mara mbili Yeonju alikuwa amekubali jambo mbele ya mpatanishi wa mahakama kisha akalikana. Siyo kwamba ni kigeugeu. Mwandishi waliyempa alikuwa anafupisha maneno, yeye akikubali kitu kimoja, mezani wamesema kingine. Lakini nani wa kumwamini? Mpatanishi alimwonya kwamba akigeuka tena, ataandika kwamba mama huyu hana msimamo, na hakimu atamsoma hivyo hivyo.

Ndiyo maana alinitafuta mimi. "Nimeambiwa wewe huli maneno," aliniandikia. "Nakukabidhi mwanangu."

Sasa endeleeni kunisikiliza.

*

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, nilimpigia binamu yangu Chilgu, yule aliyeniuzia laptop.

"Chilgu, una hakika hii ina prosesa ile ile ya Dada Gwak?"

"Ile ile, dada! Jina lile lile, namba ile ile, viini vile vile. Hadi gigahezi tano! Hiyo siyo laptop, hiyo ni radi umeitia kwenye begi."

"Mbona ya Dada Gwak nzito hivyo, na hii yangu naiinua kwa vidole viwili?"

"Teknolojia, dada. Watu wanalipia wembamba. Au ulitaka nikubebeshe tofali?"

Nikacheka, nikaridhika. Mimi ni mtu wa kuridhishwa upesi, ndiyo maana niliolewa na Seungtae.

Dada Gwak ni mwandishi mwenzangu, mkubwa wangu kazini, mwanamke asiyejua kusema jambo tamu hata kwenye harusi. Nilipomwambia nimenunua yenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kama yake, hakunipongeza.

"Umeangalia wati?"

"Wati za nini, Dada? Nimenunua kompyuta, sijanunua pasi."

"Pasi utakuwa nayo usipoangalia. Geumhi, nisikilize. Hizo gigahezi tano wamekuandikia 'hadi'. Hicho ni kilele. Inafika pale, inachungulia, inashuka. Kasi inayoweza kukaa nayo kutwa ni ile ya msingi, na hiyo wameiandika kwa herufi za kusoma kwa lenzi."

"Mbona yako inakaa juu?"

"Yangu ina feni mbili na mwili mnene, na walioiunda wameiruhusu kula wati nyingi. Yako imebanwa kwenye mwili mwembamba kama karatasi ya mwani. Prosesa ni moja, lakini yako imepewa chakula kidogo na tundu moja la kupumulia. Ikishikwa na joto inajipunguza yenyewe isiungue. Inaweza kushuka mpaka chini ya huo msingi wenyewe, ukabaki unabonyeza tu na herufi hazitoki."

"Dada, jana nimeijaribu saa nzima. Video, rekodi, kamusi ya hatimkato, vyote pamoja. Inaruka!"

"Umeijaribia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu, Dada! Kwani nina majumba mangapi?"

Akashusha pumzi ndefu. Nikamuaga kwa hasira. Nilijisemea kwamba ana wivu, maana laptop yangu ni nzuri kuliko yake.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeijaribia ukumbini, kwenye sakafu ya mbao isiyopashwa moto, kwa sababu mama mkwe alikuwa chumbani anatazama tamthilia yake na hataki kelele. Kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilivaa koti. Ile kompyuta haikuhitaji koti, ilikuwa inastarehe.

*

Jioni ile mezani, mama mkwe akaniuliza bila kuinua macho.

"Mama Dami, hiyo mashine yako ina kasi mbili?"

Dami ni binti yetu, anafanya kazi Busan. Sikujua kwamba bibi yake alikuwa akinisikiliza nikiongea kwenye simu.

"Mbili, Mama. Ndogo na kubwa."

"Inaanza na ipi?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa tambi. "Ndogo. Halafu inapanda."

"Aa. Kama pikipiki ya marehemu baba mkwe wako. Siku za barafu ilikuwa haitaki kwenda mpaka uifunike gunia, uipashe kwanza."

"Ndiyo hivyo hivyo, Mama."

Nilisema vile nipate kula kwa amani. Laiti ningelitema zile tambi nikamweleza vizuri! Yule bibi aliitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akaingia chumbani kwake, na mimi nikaona tumemaliza mazungumzo.

*

Alhamisi niliamka nikakuta theluji imefika kwenye madirisha. Teksi zote zilikataa. Nikaomba niandikie nyumbani kwa njia ya video, mpatanishi akakubali: wao wawe mezani kule, maneno yangu yatokee kwenye skrini kubwa ukutani na kwenye skrini ndogo mbele ya Yeonju.

Nikaingia jikoni kuchemsha maji. Hapo ndipo nilipoliona bakuli.

Tangu Seungtae apotee, mama mkwe humwekea mwanawe wali kila siku kwenye bakuli la shaba lenye kifuniko. Analiweka chumbani kwake, pale karibu na ukuta ambapo sakafu, inayopashwa na boila kwa chini, ina moto kuliko popote, analifunika kwa blanketi zito la pamba. Akirudi, akute wali wa moto. Hakuna aliyewahi kulitoa pale. Dami alipokuwa mdogo alilisogeza kidogo tu, na akachapwa.

Asubuhi ile bakuli lilikuwa kwenye meza ya jikoni. Nililigusa. Lilikuwa la baridi kabisa.

Mama haliondoi bakuli la mwanawe bure. Kuna habari amepata. Kuna simu imepigwa nikiwa nimelala.

"Mama," nikamwita. "Bakuli la Seungtae liko huku."

"Leo limepisha," akanijibu kutoka chumbani, tena anaimba kwa chini, mtu ambaye sijamsikia akiimba tangu mwanawe aondoke.

"Limepisha nini?"

"Kunywa uji wako. Kazi yako inakungoja. Njoo uandikie humu kwangu, huko ukumbini vidole vitakufa ganzi."

Sikuunywa ule uji. Mwanamke aliyefiwa na mumewe huwa anajua hata kabla ya kuambiwa, ndivyo nilivyowaza. Nikaapa kwamba sitamuuliza tena mpaka kikao kiishe. Yeonju alikuwa amenikabidhi mtoto.

Chumbani alikuwa ameshaniandalia. Meza fupi katikati, juu yake kitambaa kinene kilichotariziwa, kile cha harusi yake. Kibodi yangu imefutwa. Laptop imefunguliwa.

Nilipoishika ili niisogeze, chini yake ilikuwa na joto la mkate uliotoka kuokwa. Nikadhani imetoka kuchajiwa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye bakuli.

*

"Mwandishi, unatusikia?" aliuliza mpatanishi, Bi Noh, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyechoshwa na ndoa za watu.

"Nawasikia, mheshimiwa."

Nikawaona wote: Bi Noh kwenye kichwa cha meza, Maeng na wakili wake Seok upande mmoja, Yeonju peke yake upande wa pili. Yeonju akaitazama kamera, akaniinulia kidole gumba.

Tukaanza. Maneno yalitiririka. Yalikuwa yanafika kwenye skrini kabla msemaji hajafunga mdomo.

Baada ya muda feni ikaanza kulia. Kwanza polepole, halafu kwa sauti ya mashine ya kukaushia nywele. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anamenya njugu za msituni.

"Imeanza kupanda," akanong'ona, uso umemchangamka.

Na mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani hivyo hivyo.

Bi Noh akasoma pendekezo lake: "Boreum alale kwa mama yake siku zote za shule, na mwisho wa wiki awe kwa baba."

Maneno yakatokea ukutani. Yeonju akayasoma, akafunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Tunapinga," akasema wakili Seok. "Mtoto alale kwa baba na bibi yake siku zote. Mama amwone Jumapili mchana."

Nikaandika. Vidole vyangu vilimaliza sentensi ile yote, sikuacha hata herufi.

Skrini haikubadilika. Ilibaki pale pale kwa Bi Noh: alale kwa mama yake siku zote za shule.

Nikangoja. Nikapepesa macho. Hakuna kitu.

"Bwana Maeng hatashuka zaidi ya hapo," Bi Noh akasema, "na kwa mapato ya pande zote mbili, mimi naona ndilo litakaloshika. Bibi Tak, hilo ndilo pendekezo la mwisho. Unalikubali?" Akamnyooshea Yeonju mkono, kiganja juu, kama mtu anayemkaribisha chakula.

Nikaandika na hayo. Hayakutokea.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Subirini, skrini imekwama!"

Hakuna aliyegeuka. Sauti zao zilikuwa zinaniingia kwa kukatikakatika, lakini yangu haikuwa inatoka. Nikaona kile kiganja cha Bi Noh. Nikamwona Yeonju anaisoma tena ile sentensi ya kwanza, anatabasamu. Kisha nikaisikia ile sauti yake ya uangalifu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kujisikia.

"Nakubali. Asante sana. Nakubali."

Maeng akampiga wakili wake begani.

*

"Imefika kileleni?" mama mkwe akauliza.

Niliishika ile laptop ikaniunguza. "Mama! Umeifanya nini?"

"Nimeipasha." Kisu cha njugu kikamwanguka. "Nimeiweka pale pa moto tangu alfajiri, nikaifunika blanketi, ipate nguvu. Umesema inaanza na kasi ndogo. Nilisema leo isianze na ndogo, ianze na kubwa. Nilikuharibia ile nyingine, Mama Dami. Nilitaka hii..."

Nikaelewa bakuli lilimpisha nani. Hakukuwa na simu wala habari ya msiba. Mama yule alikuwa amemtoa mwanawe mahali pake ili ampashie mkwe wake kompyuta, na hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake ambayo hakuweza kuitamka. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia mayowe, na sikuwa na nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo.

Nikaikwapua laptop na kibodi yake, nikatoka mbio hadi uani bila viatu, nikaiweka juu ya mtungi wa mchuzi wa soya uliojaa theluji kifunikoni.

Feni ikalia, ikalia, ikatulia. Na hapo, kwa mkupuo, maneno yote yakafumuka. Alale kwa baba na bibi yake. Mama amwone Jumapili mchana. Unalikubali?

Nikamwona Yeonju akisoma. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, halafu akasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Hapana! Hili sikuliona! Sikubali! Boreum wangu, sikubali!"

"Mara ya tatu, mheshimiwa," akasema wakili Seok, kwa upole kabisa.

Bi Noh akavua miwani. "Mwandishi. Maneno ya wakili yalimfikia kabla hajakubali, au baada?"

"Baada, mheshimiwa! Kompyuta yangu ilikwama. Naapa."

"Kwa ruhusa yako," Seok akadakia, "kando ya kila sentensi yake kuna saa ya kuandikwa. Tazama ukutani. Sentensi yangu imeandikwa kabla Bibi Tak hajajibu. Kabla, siyo baada."

"Hiyo ni saa ya vidole vyangu! Siyo saa ya skrini!"

"Basi tuijaribu," akasema. "Andika hiki ninachosema sasa hivi, mama." Akaanza kusema kwa haraka, vifungu vya sheria, majina, namba, bila kupumua.

Niliandika. Ningefanyaje? Na ile laana ya kompyuta, imekaa juu ya theluji, ikaruka kama radi ya Chilgu. Kila neno lilifika. Hakuna hata koma iliyochelewa.

Sasa ndipo Dada Gwak aliponiingia akilini, na kila neno lake. Baridi ndiyo iliyokuwa inaipandisha. Pale uani ilikuwa kileleni na ingekaa kileleni kutwa, na kila herufi iliyofika kwa wakati ilikuwa inamtolea Maeng ushahidi.

"Inafanya kazi vizuri sana," akasema wakili. "Hongera kwa mashine."

"Mheshimiwa," nikasema, miguu haina hisia, "hapa nipo nje kwenye theluji. Ilikwama kwa joto. Niruhusu niirudishe ndani, mahali ilipokuwa, uione."

"Aende kuiharibu tena kwa makusudi?" Seok akacheka.

Bi Noh hakucheka. Alimtazama Yeonju, ambaye alikuwa ameinama anaokota kiti chake, macho hayabanduki kwenye skrini ndogo.

"Nitayasoma makubaliano yote kwa sauti," akasema. "Kwa mwendo wa kawaida. Mwandishi atayaandika akiwa humo ndani anamotaka. Neno likichelewa mbele ya macho yangu, nafuta kila kitu. Nikifika mwisho na hakuna lililochelewa, nagonga muhuri, na sitaki kusikia kilio cha mtu."

Nilijua ninachoomba. Kabla ya kupewa kazi ile nilitia sahihi kwamba mashine yangu imejaribiwa na haina kasoro. Ikikwama mbele yao, jina langu linatoka kwenye orodha ya waandishi, na mimi na mama mkwe hatuna pato jingine. Nikapiga moyo konde.

"Nipeni muda wa kufika chumbani."

*

Chumbani mama mkwe alikuwa amesharudisha bakuli. Lilikuwa pale pa moto, chini ya blanketi, na yeye amekaa kando yake amelishika kwa viganja viwili.

"Mama, naomba pale."

"Amerudi mahali pake," akasema. "Nilikosea kumtoa. Unaona yaliyotokea."

"Mama, ipashe tena. Ipashe kuliko asubuhi. Nataka ikwame."

Akanitazama kama nimepungukiwa na akili. "Ikwame?"

"Isipokwama, yule mama anampoteza mwanawe leo hii."

Nilisikia Bi Noh anakohoa, anafungua karatasi. Mama mkwe akakifuta kifuniko cha bakuli kwa mkono wa nguo yake. Kisha akalinyanyua mwenyewe, akatoka nalo, akaliweka ukumbini kwenye baridi. Aliporudi alipitia kwenye boila akaizungusha mpaka mwisho.

"Lete," akasema.

Tukailaza pale pa moto. Akaizungushia blanketi pande zote, tukaacha kioo tu kikichungulia. Nikapiga magoti, kibodi sakafuni.

"Kifungu cha kwanza," Bi Noh akaanza.

Maneno yakatokea. Yote. Upesi.

Kifungu cha pili kikafika kizima, na cha tatu. Kila sentensi ilikuwa safi, na mimi nilikuwa nailaani kimoyomoyo. Kufa, nikaiambia. Asubuhi ulijua kufa. Seok alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani. Yeonju alikuwa anasoma neno kwa neno namna mwanawe anavyoondoka.

"Bado?" mama mkwe akanong'ona.

"Bado."

Akajilaza juu ya blanketi, akalikumbatia kwa mwili wake wote, mwanamke wa umri ule.

Feni ikaanza. Ile sauti niliyoipuuza asubuhi, nikaipokea kwa machozi. Ikapanda, ikalia, blanketi likatetemeka.

"Kifungu cha mwisho," akasema Bi Noh. "Mama atamwona mtoto Jumapili mchana, na hatadai mabadiliko yoyote mpaka mtoto afikishe umri wa shule ya kati."

Nikaandika. Skrini ikasema: Mama atamwona mtoto.

Ikaishia hapo.

Niliinua mikono kutoka kwenye kibodi. Ilikuwa imekwama! Sentensi nusu, mbele ya wote, kwenye ukuta mzima!

Lakini Bi Noh hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa ameinamia sanduku la muhuri, anatafuta wino.

"Limefika lote?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Yeonju hakusikia swali. Mtu pekee aliyekuwa ameelekea ukutani alikuwa wakili Seok. Akaitazama ile sentensi iliyokatika. Akaitazama kamera, akanitazama mimi machoni kabisa.

"Limefika," akasema.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, inua macho! Ukutani! Ukutani!"

Sauti yangu haikutoka. Nilijua haitatoka. Ndivyo nilivyoitaka mashine iwe.

Bi Noh akainua muhuri. Yeonju akainua kichwa kutoka kwenye skrini yake ndogo, akafumbua mdomo.

Na hapo picha ikaganda. Muhuri ulikuwa hewani, juu kidogo ya karatasi. Mdomo wa Yeonju ulikuwa wazi. Sauti ikakatika moja kwa moja.

Mama mkwe akainuka taratibu juu ya blanketi, jasho linamtiririka, nywele zimemganda usoni.

"Imekwama?" akauliza.

"Imekwama, Mama."

Akanishika mkono kwa furaha. "Basi tumeshinda?"

Niliutazama ule mkono wenye muhuri, haushuki wala haupandi, nikaanza kuifungua laptop blanketi niikimbize tena kwenye theluji.